Bega la fundi rangi: uchambuzi wa kisa kimoja cha maumivu ya kano

Mgonjwa ninayemzungumzia ni fundi rangi wa miaka 54, mkazi wa Tanga, anayetumia mkono wa kulia. Nimebadilisha mambo machache yanayoweza kumtambulisha. Alifika kwenye chumba chetu cha fiziotherapia akiwa na bahasha ya kaki mkononi, na kabla hatujamaliza kusalimiana aliniuliza swali lililokuwa limemnyima usingizi kwa wiki mbili: “Daktari, bega likichanika ndani linashonwa, au ndiyo basi tena?” Mimi si daktari, na nilimweleza hivyo, ingawa hadi siku ya mwisho hakuacha kuniita hivyo. Ndani ya bahasha kulikuwa na majibu ya ultrasaundi yaliyosema kwamba kano ya msuli wa supraspinatasi, yaani kamba inayouunganisha msuli huo wa juu ya bega na mfupa, ilikuwa imechanika kwa sehemu, na kwamba kifuko cha majimaji kilicho juu yake kilikuwa kimenenepa. Mahali alikopimwa aliambiwa kwamba mfupa unaisaga kano, na kwamba asipopona atahitaji upasuaji. Tangu siku hiyo hakuwa ameinua mkono ule juu ya kifua, hata pale ambapo haukumuuma.

Maumivu yalikuwa yameanza miezi mitano kabla, katika mwezi wa Ramadhani. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya mwezi huo kwa fundi rangi: kila mwenye nyumba anataka kuta zake ziwe mpya kabla ya Idd, na kazi ya miezi miwili hubanwa ikaingia katika wiki tatu. Fundi huyu alipaka nyumba tatu akiwa amefunga, na mbili kati ya hizo zilikuwa na dari za jipsamu zilizotakiwa kupigwa skimu, kusuguliwa msasa na kupakwa rangi mara mbili. Hakuanguka, hakuvutwa mkono, wala hakusikia kitu kikikatika. Katika kumi la mwisho bega lilianza kumuuma usiku, kisha likawa linauma anapovaa shati, anapofikia kitu kilicho juu ya kabati, na zaidi ya yote anapolalia upande wa kulia.

Alipitia njia ambayo wengi wetu tungeipitia. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto. Jirani alimwambia ni baridi yabisi, jina ambalo kwetu hubebeshwa karibu kila maumivu ya viungo yasiyokuwa na maelezo. Alichuliwa, akaenda kuumikwa mara mbili, na kwa muda wa miezi miwili alikuwa akinunua dukani vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na kuvimeza kila siku, huku akitumia pia dawa za presha. Mwisho alichomwa begani sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Sindano ilimpa nafuu ya wiki tatu, naye akaitumia nafuu hiyo kumaliza dari ya ukumbi mzima. Bega likarudi palepale, na safari hii kwa ukali zaidi.

Nimeieleza historia hii kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyobeba utambuzi wa tatizo lenyewe. Uchunguzi wa mikono ulithibitisha tu yale ambayo maelezo yake yalikuwa yamekwisha kuyaonyesha.

Kinachoitwa rotata kafu ni misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega na kuishia katika kano bapa zilizoshonana kuzunguka kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, kama vidole vinavyoshika limau. Majina yake ni supraspinatasi kwa juu, infraspinatasi na teresi maina kwa nyuma, na subskapularisi kwa mbele. Kishimo cha bega ni kifupi mno kwa ukubwa wa kichwa kinachokaa ndani yake, na ndiyo maana mkono wetu unaweza kuzunguka karibu pande zote. Lakini uhuru huo una gharama, kwa kuwa kazi ambayo kwenye nyonga hufanywa na mfupa, yaani kukiweka kichwa katikati ya kishimo, begani hufanywa kwa sehemu kubwa na misuli hii minne. Msuli mkubwa wa nje wa bega unapouvuta mkono juu, misuli hii hukivuta kichwa cha mfupa ndani na chini kidogo ili kisipande. Mtu anayesugua dari kwa msasa huidai misuli hiyo kazi hii kwa saa nzima bila kuipumzisha, huku akisukuma kwenda juu kwa nguvu.

Maelezo ya mfupa kuisaga kano yana historia yake. Mwaka 1972 daktari wa upasuaji wa Marekani, Charles Neer, alieleza kwamba kano hubanwa chini ya ncha ya kombe la bega iitwayo akromioni, na akapendekeza ncha hiyo ichongwe kwa chini ili kuipa kano nafasi. Wazo lilikuwa rahisi kueleweka, nalo likaenea duniani kote kwa miongo kadhaa. Lilipokuja kujaribiwa kwa haki, matokeo yalikuwa mengine. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 313 katika hospitali 32, uliwagawa kwa bahati nasibu: wengine walichongwa mfupa, wengine waliingizwa kamera begani bila kuchongwa chochote, na wengine hawakupewa tiba kwa wakati huo. Waliochongwa na walioingizwa kamera tu walipata nafuu ileile, na tofauti yao na wale waliosubiri ilikuwa ndogo mno kuweza kumfaa mgonjwa. Utafiti mwingine wa Ufini, uliochapishwa mwaka huohuo ukiwa na wagonjwa 210, nao haukuona faida ya kuchonga kupita kamera pekee. Ikiwa kuondoa kile kinachodaiwa kusaga hakubadilishi kitu, basi ni vigumu kuendelea kumwambia mgonjwa kwamba anasagwa. Neno hilo kwa fundi wetu lilikuwa na madhara ya wazi, kwa sababu mtu akiamini kwamba kila anapoinua mkono anaimaliza kano yake, hatauinua.

Sasa nirejee kwenye meza ya uchunguzi. Alipouinua mkono kwa upande, maumivu yalianza kwenye nyuzi 70 hivi na kupungua alipovuka 115, na alipoushusha yalirudi katika eneo lilelile. Nilipouinua mimi mwenyewe akiwa ameulegeza, ulifika juu kabisa, na nilipouzungusha nje kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, ulikwenda sawa na wa kushoto. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa, kwa sababu bega lililoganda, ambalo huwapata zaidi wenye kisukari, hukataa mzunguko huo hata pale mwingine anapousogeza mkono. Hata hivyo tulimpima sukari, ikawa ya kawaida. Kuigeuza na kuikandamiza shingo hakukuleta maumivu mkononi, wala hakuwa na ganzi vidoleni. Niliuweka mkono wake kwenye nyuzi 90 na kumwomba aushushe polepole. Aliushusha kwa kukunja uso, lakini haukuanguka. Niliuzungusha nje nikauachia, naye aliweza kuushikilia pale nilipouacha. Kwa kuwa hatuna kifaa maalumu cha kupimia nguvu, tunatumia mizani ya ndoana, ile ya wauza samaki, iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha: kusukuma nje kwa mkono wa kushoto kulifika kilo 9 na nusu, na kwa wa kulia kilo 5. Maumivu ya usiku aliyapa 7 kati ya 10.

Niliuliza pia yale yanayopaswa kuulizwa kwa kila bega. Je, maumivu huja anapopanda ngazi au kutembea haraka, na hutulia anapopumzika? Je, kuna homa, kutoka jasho usiku, kupungua uzito, kikohozi kisichokwisha? Moyo unaweza kuumia ukajitangaza begani, na hivyo hivyo kibofu cha nyongo, uvimbe wa ncha ya pafu, au kifua kikuu kilichoingia kwenye kiungo. Majibu yote yalikuwa hapana. Kilichonitia wasiwasi ni presha yake, ambayo siku hiyo ilikuwa 158 kwa 96. Diklofenaki ya kila siku huweza kupandisha presha, kuchubua tumbo na kuzidhoofisha figo, na fundi huyu hakuwa amewahi kuambiwa hivyo na yeyote aliyemuuzia. Nilimrudisha kwa daktari wake wa kliniki ya presha, ambaye alimwachisha vidonge hivyo na kumruhusu parasetamoli kwa usiku mbaya. Nafikiri hilo peke yake lilitosha kuhalalisha nauli yake ya siku ile.

Ikabaki karatasi ya ultrasaundi. Mchaniko ulikuwapo kweli, nami sikuona sababu ya kuubishia. Swali ni kama ndio uliokuwa ukimuuma. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, watu 96 ambao hawakuwa na malalamiko yoyote ya bega walipigwa picha za MRI. Asilimia 34 kati yao walikutwa na mchaniko katika kano hizi, na kwa waliovuka miaka 60 asilimia ilifika 54. Hao walikuwa watu wanaolala usingizi wao bila shida. Kwa mtu wa miaka 54 aliyeinua rola kwa miaka thelathini, kano isiyokuwa na alama yoyote ndiyo ingekuwa ya kushangaza. Nilipokuwa nikitafuta namna ya kumweleza haya, alinitangulia. Alifikiri kidogo, kisha akauliza: “Unataka kusema huu ni ufa wa lipu, si ufa wa msingi?” Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo, na nimekuwa nikiyaazima kwa wagonjwa wengine tangu wakati huo. Fundi akiingia nyumba ya mtu akaona ufa, haanzi kubomoa. Hutazama kwanza kama ukuta umehama.

Ukuta ungekuwa umehama kama angekuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa na tangu siku hiyo mkono ukakataa kabisa kupanda, au kama mkono ungeanguka katika lile jaribio la kuushusha. Mchaniko mkubwa wa ghafla kwa mtu mwenye nguvu za kazi ni jambo la kupelekwa kwa daktari wa mifupa ndani ya siku chache na si kukaa miezi ukifanya mazoezi, kwa sababu kano iliyokatika hurudi nyuma, msuli wake hugeuka mafuta, na kushonwa kwake huwa kugumu kadiri muda unavyopita. Lakini kwa mchaniko uliojijenga polepole, hata ule uliopenya kano kutoka upande mmoja hadi wa pili, mazoezi yana nafasi kubwa: kundi la watafiti wa Marekani lililowafuatilia wagonjwa 452 wa aina hiyo waliopewa mazoezi, lilieleza mwaka 2013 kwamba chini ya robo yao ndio walioishia kufanyiwa upasuaji ndani ya miaka miwili. Mchaniko wa fundi wetu haukuwa umefika huko.

Mpango tuliouandika haukuwa na jambo la ajabu. Kwa wiki mbili za mwanzo alisukuma fremu ya mlango kwa mgongo wa kiganja, kiwiko kikiwa ubavuni, akishikilia kwa sekunde 30, mara tano, asubuhi na jioni. Na alitelezesha kitambaa ukutani kwa mikono yote miwili hadi juu ya kichwa, jambo ambalo fundi rangi hahitaji kufundishwa. Usiku alilala chali au upande wa kushoto, mto ukiwa chini ya mkono wa kulia ili usivutwe mbele. Kuanzia wiki ya tatu tuliingiza mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akiuvuta nje na nyuma, seti tatu za mara 10 hadi 12, siku moja kufanya na siku moja kupumzika. Kisha kuinua chupa ya maji ya nusu lita kwa mshazari, mbele kidogo ya ubavu, na baadaye ya lita moja na nusu. Kanuni ya maumivu ilikuwa moja: yakibaki 3 au 4 kati ya 10 wakati wa zoezi, na asubuhi yake bega likawa kama lilivyokuwa jana, aendelee, yakizidi hapo, apunguze uzito lakini asiache. Kuhusu kazi nilimwambia neno moja tu, kwamba dari asiiguse kwa miezi mitatu.

Hapo ndipo nilipokosea. Katika wiki ya sita, wakati maumivu ya usiku yalikuwa yameshuka hadi 3, alirudi bega likiwa moto na uso umeinama. Alikuwa amesugua na kupaka dari ya madrasa ya mtaani kwao kwa siku mbili, kazi ya kujitolea ambayo mtu wa rika lake, ambaye watoto wake wote wamesomea pale, hawezi kuikataa kwa kusema amekatazwa na fiziotherapia. Nilitaka kumlaumu, kisha nikatambua kwamba nilikuwa nimempa amri ambayo maisha yake hayakuwa na nafasi ya kuitii. Nilimfundisha kuvuta mpira wa tyubu. Sikumfundisha kupaka dari. Nusu ya mapato yake hutoka kwenye dari.

Tulipunguza mazoezi kwa siku tano, na Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumtazama kazini. Nusu saa ya kusimama pale ilinifunza zaidi kuliko mahudhurio yake yote. Jukwaa lake la mirunda lilikuwa limewekwa chini sana, hivyo alifanya kila kitu akiwa amenyoosha mkono hadi mwisho. Rola aliishika kwa mti mfupi. Msasa aliushika kwa vidole na kuusukuma juu ya kichwa kwa mkono mmoja, uleule, kwa dakika arobaini mfululizo, kisha akabeba ndoo ya rangi ya lita 20, ambayo hupita kilo 25, kwa mkono huohuo kupanda nayo jukwaani. Saidia fundi wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa chini akipaka ukuta wa usawa wa kifua.

Mabadiliko aliyapanga yeye mwenyewe, mimi nikiuliza tu. Rola ilifungiwa mti mrefu unaomwezesha kupaka dari akiwa amesimama sakafuni, mikono ikiwa kati ya kifua na bega. Msasa ulipigiliwa kwenye ubao wenye mpini, ukasukumwa kwa mikono miwili. Rangi ilimiminwa kwenye ndoo ndogo kabla ya kupandishwa. Na kubwa kuliko yote, waligawana kazi kwa zamu ya dakika 20, mmoja juu na mwingine kwenye ukuta, jambo lililomgharimu kumwongezea kijana malipo yake. Hili la mwisho lilimchukua wiki mbili kulikubali. Dari ya kwanza ilikuwa ya chumba kimoja, ya pili vyumba viwili, na kila mara tulisubiri kusikia asubuhi yake bega linasemaje kabla ya kuongeza.

Kufikia wiki ya 14 mizani ya ndoana ilionyesha kilo 8 kwa mkono wa kulia, maumivu ya usiku yalikuwa 1, na presha ilikuwa imeshuka hadi 138 kwa 86. Katika mwezi wa saba wa tiba alikuwa akifanya kazi wiki nzima. Hakupona kwa maana ya kurudi alivyokuwa akiwa na miaka thelathini: akilalia upande wa kulia kwa zaidi ya saa moja bado huamka, na akiacha mazoezi kwa wiki tatu bega humkumbusha.

Je, ni nini hasa kilichomponya? Naona ni haki kulijibu swali hili bila kujipigia debe. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, wenye washiriki 708, ulilinganisha vikao hadi sita vya mazoezi yanayosimamiwa na kikao kimoja tu cha ushauri mzuri pamoja na mazoezi ya kufanya nyumbani. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo yalikuwa sawa. Sindano ya steroidi katika utafiti huo ilileta nafuu ndogo ya wiki chache, kisha ikapotea, sawasawa na ilivyomtokea fundi wetu. Basi siwezi kudai kwamba mpira wangu wa tyubu ulikuwa na siri yoyote, na sehemu ya nafuu yake huenda ingekuja kwa kupita kwa muda peke yake. Ninachokiamini ni kwamba mambo mawili yaligeuza kisa hiki: siku alipoacha kuiogopa kano yake, na siku mzigo wa dari ulipogawanywa. Kama ningeenda kazini kwake wiki ya kwanza badala ya ya saba, nadhani tungeokoa zaidi ya mwezi mmoja. Tangu hapo, mgonjwa wa bega akifika kwangu, namwomba anionyeshe kwa mikono yake jinsi anavyofanya kazi kabla sijamwomba avue shati. Mama wa mgahawa na sufuria yake, mpasua nazi, kinyozi ambaye mkono wake hukaa hewani kutwa nzima.

Katika mwezi wa nane wa tiba alikwenda, kwa fedha zake na bila kuniambia, kupigwa ultrasaundi ya pili. Akaniletea bahasha nyingine ya kaki. Nilisoma nikakuta mchaniko upo pale pale, ukubwa uleule, maneno karibu yaleyale. Kifuko cha majimaji tu ndicho kilichokuwa kimepungua. Nilianza kutafuta namna ya kumweleza, naye alikuwa ameshasimama. Alisema aliyempima alikuwa amemsomea, na kwamba alitaka tu kujua kama ufa umeongezeka. Kisha akaomba ruhusa aondoke, kwa kuwa saidia fundi alikuwa peke yake juu ya jukwaa na dakika zake 20 zilikuwa zimepita.